Gawa Kazi Kabla ya Kugawa Uhusika

Kikundi kikishakubaliana kuandaa mchezo wa jukwaani, mabishano ya kwanza huwa ya uhusika: nani awe mfalme, nani awe mkewe, nani abaki kwenye kundi la wanakijiji. Hapo huenda wiki nzima. Baadaye, onyesho likiwa limebakiza siku nne, ndipo anatokea mtu wa kuuliza funguo za ukumbi ziko kwa nani, vazi la askari alisema atalishona nani, na ile spika ya kukodi imeshalipiwa au bado. Watu wanatazamana. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayeshughulikia.

Maonyesho mengi ya vikundi vya mitaani, vya shule, vya vyuo na vya nyumba za ibada hayaangushwi na uigizaji mbaya. Yanaangushwa na kazi zisizo na mwenyewe. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: siku ya kwanza, kabla hamjajua nani atacheza nani, andikeni orodha ya kazi zote, na mbele ya kila kazi liwekwe jina la mtu mmoja. Kazi ikipewa wawili, kila mmoja humwachia mwenziwe.

Nitazipitia kazi hizo moja moja, nikieleza mwenye kazi anawajibika kwa lipi. Ili tusizungumze hewani, tujifanye tunaandaa tamthilia inayojulikana na wengi: Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, inayohusu Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Ina wanakijiji, askari, mapigano na maji ya dawa, kwa hiyo kila fundi wa jukwaa atapata shughuli.

Mtunzi na ruhusa yake

Kama mtunzi ni mmoja wenu, mpeni kazi mbili: kuandika, na kunyamaza mazoezini. Aje siku mlizokubaliana, asikilize, aandike anachoona, kisha azungumze na mwongozaji pembeni. Mtunzi anayemkatiza mwigizaji kila sentensi humfanya mwigizaji amwogope, na mwongozaji hubaki hana kazi.

Kama mnatumia tamthilia iliyokwisha kuchapishwa, kuwa na nakala ya kitabu hakuwapi haki ya kuiigiza mbele ya watu. Tanzania na Kenya, hakimiliki ya maandishi hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Shakespeare hana wa kumwomba, maana alifariki mwaka 1616. Lakini Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, bado inalindwa, kwa kuwa Mwalimu alifariki mwaka 1999. Mwandikieni mchapishaji mapema. Barua itaje ukumbi, idadi ya maonyesho, kiingilio, na sehemu mnazotaka kuzifupisha. Hilo la mwisho wengi hulificha, na ndilo linalowaudhi watunzi zaidi.

Anayeandika barua hiyo si mtunzi wala mwongozaji. Ni mtayarishaji.

Mtayarishaji

Huyu ndiye anayewajibika kwa kila kitu kisichokuwa sanaa: fedha, ukumbi, vibali, mikataba, usafiri, matangazo. Msimchague kwa sababu ana gari au ana mjomba serikalini. Mchagueni kwa sababu hujibu simu, huandika makubaliano, na haoni haya kumwambia mtu kwamba fedha hakuna.

Bajeti yake ianze na vitu visivyoepukika: ukumbi, kibali, umeme na jenereta ya akiba, sauti na taa za kukodi, maleba, mbao na rangi, nauli, chakula cha siku ya mazoezi ya mwisho, mabango. Juu ya jumla aongeze sehemu ya kumi kwa dharura. Fedha zikae kwa mtu mwingine, mhasibu, ili anayeidhinisha matumizi asiwe ndiye anayeshika pochi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na vikundi vingi vimevunjika kwa hesabu ambazo hazikuibwa na mtu, ila tu hazikuandikwa.

Kama mtagawana mapato, kubalianeni kwa maandishi kabla ya mazoezi ya kwanza: gharama zipi zinatolewa kwanza, kinachobaki kinagawanywaje, na lini. Mkikuta hasara, nani anaibeba? Swali hili ni rahisi kulijibu mkiwa hamjauza hata tiketi moja.

Upande wa vibali, Tanzania ina Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, pamoja na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Nendeni mkaulize mapema onyesho lenu linahitaji nini, na karatasi zote mtayarishaji awe nazo ukumbini siku ya onyesho, si nyumbani kwenye faili. Historia imeonyesha kibali kina uzito gani. Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Kigikuyu wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ulianza kuonyeshwa Kamiriithu, karibu na Limuru, tarehe 2 Oktoba 1977, kwenye jukwaa la wazi lililojengwa na wanakijiji wenyewe. Tarehe 16 Novemba serikali ya Kenya ilifuta kibali, na kazi ya miezi ya kijiji kizima ikasimama.

Mtayarishaji ndiye pia anayepanga saa. Pwani, onyesho la saa 1:00 usiku hugongana na swala ya Isha. Watu watatoka katikati, na kipaza sauti cha msikiti wa jirani kitaingia kwenye maneno ya mwigizaji. Mkianza saa 2:30, mtamaliza daladala zimeanza kuwa adimu, na safu za nyuma zitaanza kupungua kabla ya tukio la mwisho. Saa 2:00 kamili kwa mchezo usiozidi saa moja na nusu huwafaa wengi. Anayepanga saa bila kuuliza ukumbi uko jirani na nini, na watazamaji watarudije makwao, ameshapoteza sehemu ya hadhira kabla ya kuuza tiketi.

Mwongozaji

Kenya wengi humwita mwelekezi. Kazi yake ni kuliona onyesho kwa macho ya mtu aliyekaa kwenye kiti. Yeye ndiye anayeamua mchezo unazungumzia nini, kisha anahakikisha kila mtu anavuta upande huo huo.

Katika Kinjeketile, kabla ya kumpanga mtu yeyote jukwaani, mwongozaji ana swali la kujibu: je, Kinjeketile wetu anaamini kabisa nguvu ya maji, au moyoni ana shaka tangu mwanzo? Jibu likiwa la kwanza, taa zitamwangazia kwa namna moja, na sauti ya mwigizaji itakuwa ya aina moja. Likiwa la pili, kila kitu kinageuka. Mwongozaji asiyejibu swali hilo atajikuta mshonaji amemvalisha Kinjeketile kama nabii, wakati mwigizaji anamcheza kama mkulima aliyechoka.

Mawazo yakusanywe kwa wote, lakini uamuzi uwe wa mmoja. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mwigizaji mwenye wazo amweleze mwongozaji. Asimfundishe mwigizaji mwenzake namna ya kusema maneno yake. Hata kama yuko sahihi, ameanzisha uongozaji wa pili.

Mwongozaji naye ana mpaka. Mazoezi ya mwisho yakiisha, onyesho si lake tena, ni la msimamizi wa jukwaa. Maoni yake ayaandike, ayatoe kesho yake kwa utulivu. Kumwambia mwigizaji abadilishe mwendo wake dakika kumi kabla ya kuingia ni kumfanya asahau hata alichokuwa anakijua.

Msimamizi wa jukwaa

Kama mna nafasi ya kumtafuta mtu mmoja tu aliye hodari, msimtafute mwigizaji mkuu. Mtafuteni huyu.

Msimamizi wa jukwaa huwepo tangu zoezi la kwanza mpaka kiti cha mwisho kinaporudishwa stoo. Wakati wa mazoezi anaandika. Siku ya onyesho anaamuru. Chombo chake kikuu ni daftari la onyesho, nalo linatengenezwa hivi: chukua tamthilia, toa nakala ya kila ukurasa, ibandike upande wa kushoto wa daftari kubwa, na upande wa kulia uache ukurasa mtupu uliopigwa mistari. Penye kila neno linaloleta badiliko, vuta mstari kwa penseli kwenda kulia, uandike: taa 14, sauti 6, Kitunda anaingia kutoka kushoto, kibuyu kinatolewa. Penseli, maana mwongozaji atabadilisha. Ukurasa mmoja ukiwa na ishara tisa, utajua kwamba hapo ndipo patakapoharibika kama hapakufanyiwa mazoezi ya kutosha.

Kabla hamjahamia ukumbini, msimamizi hupima jukwaa la ukumbi huo kwa futi kamba, kisha huchora vipimo vile vile kwa utepe wa gundi kwenye sakafu ya darasa mnalofanyia mazoezi: ukuta huu hapa, mlango huu hapa, ngazi hizi hapa. Waigizaji waliozoea nafasi ya mita kumi huchanganyikiwa wakifika kwenye jukwaa la mita sita. Utepe huo wa bei ndogo unawaokolea siku nzima ya ukumbi wa kukodi.

Kila zoezi likiisha, anatuma ujumbe mmoja kwenye kundi la WhatsApp, mfupi na wenye mpangilio ule ule kila siku: waliochelewa, kilichofanyika, kinachohitajika kwa maleba, kwa mandhari, kwa taa, kwa sauti, kwa mtayarishaji, na saa ya zoezi lijalo. Kwa mfano: "Maleba: mnyapara anapiga magoti mara mbili, suruali yake ishonwe pana. Vifaa: kibuyu kinapokezwa watu watano, kisiwe chenye ncha." Mshonaji ambaye hakuwepo mazoezini anasoma mstari wake tu na kuendelea na kazi.

Usiku wa onyesho, yeye ndiye saa ya wote. Desturi ya kumbi za Uingereza inafaa kuigwa, kwa sababu inahesabu kuelekea dakika ya waigizaji kusimama mahali pao, yaani dakika tano kabla ya kuanza. Onyesho likiwa la saa 2:00 usiku, saa 1:25 anatangaza nusu saa; saa 1:40, robo saa; saa 1:50, dakika tano; saa 1:55 anawaita wanaoanza. Nusu saa ikishatangazwa, hakuna mwigizaji kutoka nje, hakuna ndugu kuingia chumba cha kubadilishia nguo kupiga picha. Asiyekuwepo anapigiwa simu hapo hapo, na anayejua nafasi yake anaambiwa ajiandae.

Onyesho likianza, hakuna taa inayowaka wala ngoma inayolia bila amri yake. Husema, "Taa kumi na nne, sauti sita, kaeni tayari." Fundi taa anajibu, fundi sauti anajibu. Wakati ukifika: "Taa kumi na nne, sauti sita, sasa." Hilo neno la kutekelezea, "sasa", likishachaguliwa, lisitumike kwa jambo jingine lolote kwenye mawasiliano hayo. Mtu akisema "sasa huyu yuko wapi?", atashtukia jukwaa limezama gizani.

Kama hamna vifaa vya mawasiliano, tumieni taa ndogo ya mkononi kwa ishara, au mkalisheni fundi taa na fundi sauti ubavuni kwake. Cha msingi ni kwamba amri inatoka mdomo mmoja.

Vikundi vikubwa humpa msaidizi anayeshika maandishi pembeni mwa jukwaa, kumkumbusha mwigizaji aliyesahau. Mkumbushaji mzuri hufuata mazoezi yote, kwa sababu lazima ajue kimya kipi ni cha kusahau na kipi ni cha kuigiza.

Mandhari, maleba na vifaa

Kazi hizi tatu huonekana ndogo kwa sababu kila mtu tayari ana nguo, na kila nyumba ina viti. Zinaonekana ndogo mpaka kiti kinapovunjika mbele ya watu.

Mbunifu wa mandhari anaamua hadhira inaona nini pazia likifunguliwa, na waigizaji wanaingia na kutoka wapi. Mbunifu wa maleba anaamua nani amevaa nini, na ana dakika ngapi za kubadilisha. Mtunza vifaa anamiliki kila kitu kinachoshikwa mkononi: jembe, barua, kibuyu, bunduki. Anawajibika kwa kukipata, kukiweka mahali pake na kukirudisha.

Tuone jinsi wanavyohitajiana. Masimulizi ya Majimaji husema kwamba Kinjeketile, kule Ngarambe, alizama kwenye bwawa, na alipotoka nguo zake zilikuwa kavu. Kikundi kichanga husikia hivyo kikaanza kuwaza pipa la maji jukwaani. Lakini kaeni na muulizane kila mtu kwa kazi yake. Maleba atasema: nguo zinatakiwa kuwa kavu, basi muujiza huo hautugharimu hata senti. Mandhari atasema: bwawa liwe nje ya jukwaa, upande wa kulia, nasi tuone ukingo wake tu. Fundi sauti atasema: nipeni mruko mmoja wa maji, kisha kimya. Fundi taa atasema: usiku upite kwa kupunguza mwanga polepole, kisha alfajiri. Na mwongozaji atamalizia: kazi iliyobaki ni ya nyuso za wanakijiji wanaolitazama bwawa. Kwa kikao cha nusu saa tukio gumu kuliko yote limekuwa rahisi, na hakuna aliyelowesha nyaya za umeme.

Mtunza vifaa awe na meza nyuma ya pazia, iliyotandikwa karatasi kubwa. Kila kifaa kiwekwe juu yake, kichorwe umbo lake kwa kalamu nene, na ndani ya mchoro yaandikwe jina lake na la mwigizaji anayekitumia. Kabla ya onyesho anaitazama meza mara moja tu. Mchoro ulio mtupu unamwambia nini hakipo. Mwigizaji akitoka jukwaani, anarudisha kifaa kwenye mchoro wake, hakiachi kwenye kiti.

Bunduki za mchezo zichongwe kwa mbao, zikae kwenye sanduku lenye kufuli, na ufunguo uwe kwa mtunza vifaa pekee. Silaha ya kweli isiingie ukumbini hata kama mwenye nayo anaapa haina risasi. Na zisibebwe wazi barabarani, kwani anayeziona kwa mbali hajui kama ni mbao.

Maleba yajaribiwe kwa mwendo, si kwa kusimama mbele ya kioo. Mwigizaji akae, akimbie, aanguke, apigane akiwa ameyavaa. Kwa wanaobadilisha nguo haraka, tumieni vifungo vya kubana badala ya vifungo vya kawaida, na awepo mtu wa kuwasaidia. Vyumba vya wanawake na wanaume vitengwe, na mkiwa na watoto, kila mara wawe na mtu mzima aliyepangwa, si yeyote aliyekuwa karibu.

Taa na sauti

Fundi taa hupaswa kujua hesabu kabla ya kujua rangi. Soketi ya kawaida ya ampia 13 kwenye umeme wa volti 230 inabeba kama wati 2,990. Taa tatu za jukwaa za wati 1,000 zimeshapita kikomo hicho, na hapo hamjachomeka hata spika. Ndiyo maana aende ukumbini mapema, aulize kila soketi iko kwenye saketi ipi, na ajue swichi kuu iko wapi. Taa za LED zimepunguza sana mzigo huo, lakini hazikuondoa haja ya kuhesabu. Taa yoyote inayoning'inia juu ya watu iwe na mnyororo wa usalama pamoja na bano lake, na anayepanda ngazi awe na mtu wa kuishika.

Umeme ukikatika, je? Swali hili lijibiwe kwenye kikao. Nani anawasha jenereta, inachukua muda gani, waigizaji wanasimama mahali pao au wanatoka, na nani anazungumza na hadhira? Mkishalifanyia mazoezi mara moja, kukatika kwa umeme kunakuwa mapumziko mafupi.

Fundi sauti naye asifurahie mashine akasahau masikio. Ukumbi mtupu unarudisha mwangwi; ukijaa watu, miili na nguo hunyonya sauti. Kilichotosha mazoezini kitapwaya usiku wa onyesho, kwa hiyo aache nafasi ya kupandisha. Kama ukumbi ni mdogo, wafundisheni waigizaji kupaza sauti badala ya kukodi vipaza sauti vya nguoni ambavyo hamkuvizoea. Kama mna ngoma na waimbaji, wapeni kiongozi wao wenyewe, na kiongozi huyo apokee ishara kutoka kwa msimamizi wa jukwaa kama fundi mwingine yeyote.

Tengeni siku nzima ya mazoezi ya ufundi, ambapo waigizaji hawaigizi kwa hisia, wanaruka tu kutoka ishara moja hadi nyingine. Siku hiyo huchosha na huwaudhi waigizaji. Waambieni mapema kwamba ni zamu ya mafundi, wao watapata yao kesho kwenye mazoezi ya mwisho yenye maleba.

Waigizaji

Kuhusu namna ya kuigiza, nitawaachia walimu wake. Kama mfanyakazi wa onyesho, mwigizaji anadaiwa mambo manne: afike kwa saa, ajue maneno yake kufikia tarehe iliyowekwa, arudishe kifaa chake mezani, na afanye usiku wa tatu kile alichofanya usiku wa kwanza. Anayebadilisha mahali pa kusimama kwa sababu hadhira imecheka amemwacha fundi taa anaangaza sakafu tupu.

Mlangoni

Onyesho la mtazamaji huanza getini. Kwa hiyo kuwe na mfawidhi wa ukumbi, mwenye mamlaka kamili mbele ya pazia kama msimamizi alivyo nyuma yake. Anajua idadi ya viti, anasimamia tiketi na malipo ya simu, anawapanga wakaribishaji, anawaingiza waliochelewa wakati uliokubaliwa, na anahakikisha milango ya dharura haikufungwa kwa kufuli. Chini ya kiti cha mlangoni kuwe na sanduku la huduma ya kwanza.

Kati yake na msimamizi wa jukwaa kuwe na makubaliano mamoja yasiyovunjwa: pazia halifunguliwi mpaka mlango useme "tayari". Foleni ikiwa bado ndefu, dakika tano za kusubiri ni bora kuliko watu thelathini kupapasa viti gizani wakati mhusika anaeleza chanzo cha kisa chote.

Thamani ya watu wote wasioonekana jukwaani inajulikana hata na waigizaji wanafunzi. Aprili 2025, kwenye tamasha la taifa la drama la Kenya huko Nakuru, wasichana wa shule ya Butere waliokuwa na mchezo wa Echoes of War walijikuta jukwaani bila hadhira na bila mwandishi wao, Cleophas Malala, aliyekuwa amekamatwa na polisi. Maneno walikuwa nayo kichwani. Waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka. Lolote mtu atakalosema juu ya siasa ya mchezo ule, walielewa kwamba waigizaji peke yao si onyesho.

Mkiwa wachache

Najua vikundi vingi havina watu ishirini. Mkiwa kumi, kazi zitarundikana, na hilo si kosa mradi mjue zipi zinapatana.

Mandhari na vifaa vinaweza kuwa vya mtu mmoja. Maleba na vipodozi pia. Taa na sauti huweza kushikwa na mtu mmoja kama ishara ni chache na vyombo viko meza moja, lakini lazima afanye mazoezi ya kuvishika vyote. Mtunzi, akishamaliza kuandika, ni mtu mzuri wa matangazo, kwa sababu hakuna anayeweza kuusimulia mchezo kwa mistari minne kumshinda.

Mengine hayapatani. Msimamizi wa jukwaa asiigize hata nafasi ya mpita njia. Dakika mbili anazokuwa jukwaani, hakuna anayeendesha onyesho. Mwongozaji asijipe uhusika mkubwa, maana akiwa jukwaani hakuna macho yaliyobaki kwenye viti. Mtayarishaji asiwe mhasibu. Na mfawidhi wa ukumbi asiwe mtu ambaye ataitwa nyuma ya pazia kushona kifungo.

Mkiona bado hamtoshi, punguzeni mchezo, msipunguze kazi. Chagueni tamthilia yenye mandhari moja, wahusika watano na ishara za taa kumi.

Kama unatafuta nafasi yako

Kijana anayependa jukwaa lakini hapendi kutazamwa asidhani hana nafasi. Kama wewe ndiye unayekumbuka nani alisema nini kwenye kikao, wewe ni msimamizi wa jukwaa. Kama huwezi kupita kwenye nguo bila kugusa kitambaa chake, nenda maleba. Kama hukai mbali na nyaya, mtafute fundi taa umbebee ngazi, na umwombe akueleze kila anachokifanya. Mafunzo rasmi yapo: Bagamoyo kuna TaSUBa, iliyotokana na Chuo cha Sanaa kilichoanza mwaka 1981, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara inayofundisha sanaa za maonyesho, na Nairobi kuna Chuo Kikuu cha Kenyatta. Nanyi walimu mnaopeleka shule kwenye mashindano, acheni kushika kila kitu ninyi wenyewe. Mpeni mwanafunzi mmoja daftari la onyesho, mwingine meza ya vifaa. Miaka kadhaa baadaye mji wenu utakuwa na watu wanaoijua kazi.

Orodha yenu ikishakamilika, ijaribuni kwa swali moja kwa kila aliyetajwa: wewe ukiugua asubuhi ya onyesho, nani atafanya kazi yako, na atajulia wapi? Jibu likiwa "atanipigia simu", kazi hiyo bado iko kichwani mwa mtu, haijafika kwenye karatasi. Iandikeni mpaka mtu mwingine aweze kuifanya kwa kuisoma tu. Mkimaliza hapo, kaeni sasa mbishane nani awe Kinjeketile.